Mirathi ya Madaftari: Wafasiri wa Friedrich Nietzsche na Kitabu Ambacho Hakukiandika

Utangulizi

Historia ya ufasiri wa fikra za Friedrich Nietzsche (1844–1900) kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mikabala. Kwanza walikuja washairi na wasanii, wakafuata wanaitikadi wa Kinazi, kisha wanaudhanaishi, kisha Wafaransa wa miaka ya 1960, na mwishowe wanafalsafa wa uchanganuzi wa Uingereza na Marekani. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaacha kando jambo la msingi. Kabla ya kugombania maana, wafasiri hao waligombania maandishi. Swali la Nietzsche alisema nini lilitanguliwa na swali la yapi ni maandishi ya Nietzsche, na kwa takriban nusu karne jibu la swali hilo la pili lilikuwa mikononi mwa watu wachache walioshika funguo za nyumba moja mjini Weimar.

Insha hii inafuatilia mirathi hiyo ya maandishi, yaani madaftari, rasimu na barua ambazo Nietzsche aliziacha bila kuzichapisha, na inaonesha namna hali yake ilivyoathiri ufasiri uliojengwa juu yake. Hoja inayotetewa ina pande mbili. Ugomvi juu ya matini unaeleza sehemu kubwa ya tofauti za wafasiri, wakiwemo wale wanaodhaniwa kutofautiana kwa sababu za kifalsafa tupu. Hata hivyo, ugomvi huo hauwezi kutumiwa kumwondolea Nietzsche dhima ya yale aliyoyachapisha kwa ridhaa yake mwenyewe, kama ilivyozoeleka baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mirathi na Msimamizi Wake

Mwanzoni mwa Januari 1889, Nietzsche alianguka mjini Turin akiwa na umri wa miaka 44 na kupoteza akili. Rafiki yake Franz Overbeck, profesa wa theolojia huko Basel, alisafiri kumfuata na kumrejesha. Tangu hapo hadi kifo chake tarehe 25 Agosti 1900, Nietzsche hakuwa tena na uwezo wa kukubali wala kukana lolote lililosemwa kwa jina lake. Hali hiyo ni nadra katika historia ya falsafa, kwa kuwa umaarufu wake ulienea hasa katika miaka ile ambayo yeye hakuweza kuutambua. Georg Brandes alikuwa ametoa mihadhara juu yake huko Copenhagen mwaka 1888, lakini hadi wakati huo vitabu vyake vilikuwa na wasomaji wachache, na sehemu ya nne ya Hivi Ndivyo Alivyosema Zarathustra ilikuwa imechapwa kwa gharama yake binafsi katika nakala za kugawiwa marafiki.

Dada yake, Elisabeth Förster-Nietzsche, alirejea moja kwa moja Ujerumani mwaka 1893 kutoka Paraguay. Huko, yeye na mumewe Bernhard Förster, mchochezi mashuhuri wa chuki dhidi ya Wayahudi, walikuwa wameanzisha makazi ya Wajerumani yaliyoitwa Nueva Germania, mradi ulioharibika na kuishia kwa Förster kujiua mwaka 1889. Nietzsche aliudharau mradi huo na itikadi iliyouzaa, wala hakuficha dharau hiyo katika barua zake. Mwaka 1894 Elisabeth aliasisi Hifadhi ya Nietzsche mjini Naumburg, akapata haki za maandishi kutoka kwa mama yao, Franziska, na baadaye akaihamishia hifadhi Weimar. Baada ya mama huyo kufariki mwaka 1897, mgonjwa naye alipelekwa Weimar, katika nyumba iitwayo Villa Silberblick.

Haki inataka isemwe kwamba Elisabeth alikusanya. Bila juhudi yake karatasi nyingi zingetawanyika, na watafiti wote waliokuja kumlaumu baadaye walimlaumu kwa kutumia nyaraka alizozihifadhi yeye. Lakini msimamizi huyo wa mirathi alijifanya pia kuwa mfasiri pekee halali. Aliandika wasifu wa kaka yake, aliajiri wahariri na kuwafukuza, na alizuia kuchapishwa kwa Ecce Homo, matini aliyoiandika Nietzsche mwaka 1888, hadi mwaka 1908. Overbeck alikataa kushirikiana naye. Kutokana na kukataa huko pakazuka makundi mawili, la Basel na la Weimar, na mvutano wao ulitangulia karibu kila mjadala wa baadaye kuhusu uaminifu wa matini.

Kitabu Ambacho Hakukiandika

Mwaka 1901 Hifadhi ilitoa kitabu kiitwacho Der Wille zur Macht, chenye vifungu 483. Toleo lililopanuliwa la mwaka 1906 lilikuwa na vifungu 1067. Wasomaji waliambiwa kwamba hili ndilo jengo kuu la falsafa ya Nietzsche, lililokatizwa na ugonjwa tu. Wahariri, wakiwemo Elisabeth mwenyewe na Peter Gast, jina la kisanii la Heinrich Köselitz, walivipanga vifungu hivyo kwa kufuata mpango mmoja wa tarehe 17 Machi 1887, uliochaguliwa kati ya mipango mingi iliyomo madaftarini.

Ni kweli kwamba Nietzsche aliwahi kukusudia kuandika kitabu chenye jina hilo. Ni kweli vilevile kwamba aliacha kusudio hilo. Mpango wa mwisho wenye jina hilo ni wa tarehe 26 Agosti 1888. Siku chache baadaye jina likabadilika, na sehemu ya maandalizi ikaingizwa katika kazi mbili alizozikamilisha mwaka huohuo, yaani Machweo ya Masanamu na Mpinga Kristo. Kilichobaki madaftarini ni vipande ambavyo mwandishi alivitumia, alivikataa au alikuwa hajaamua juu yake. Kuvikusanya na kuviita kitabu ni sawa na kuchukua vipande vya mbao vilivyosalia sakafuni kwa seremala na kudai kwamba ndivyo kabati.

Mazzino Montinari, ambaye kazi yake itarejelewa zaidi hapo chini, alionesha namna kazi hiyo ilivyofanyika. Mapema mwaka 1888 Nietzsche mwenyewe alikuwa ameorodhesha na kupanga vipande 374 kwa ajili ya mradi huo. Wahariri wa Weimar hawakuufuata hata mpangilio huo, kwani 104 kati ya vipande hivyo hawakuviingiza katika kitabu. Vipande vingine vilikatwa, na vingine viliunganishwa. Aidha, sentensi ambazo Nietzsche alizinakili alipokuwa akisoma vitabu vya watu wengine, kwa mfano Tolstoy, zilichapishwa kana kwamba ni mawazo yake.

Mfano mmoja unatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Katika kipande cha mwaka 1885, ambacho kilifanywa kifungu cha 619, Nietzsche anasema kwamba dhana ya nguvu inayotumiwa na wanafizikia inahitaji kukamilishwa, na kwamba nguvu inapaswa kupewa upande wa ndani. Daftari linasomeka Welt, yaani ulimwengu. Kitabu kilichochapishwa kilisomeka Wille, yaani utashi. Badiliko hilo la neno moja liligeuza kauli kuhusu ulimwengu wa ndani wa nguvu kuwa kauli kuhusu utashi wa ndani, na kwa zaidi ya nusu karne wafasiri walijenga juu ya neno ambalo mwandishi hakuliandika.

Hata kulitamka jina la kitabu hiki kwa Kiswahili kunalazimisha uamuzi wa namna hiyo. Neno Macht laweza kuwa nguvu, uwezo au mamlaka. Anayesema “utashi wa mamlaka” humfanya msomaji awaze utawala, cheo na amri. Anayesema “utashi wa uwezo” humwelekeza kwenye kukua na kujishinda, na anayesema “utashi wa nguvu” humrudisha kwenye maumbile. Kijerumani kinazibeba maana zote tatu katika neno moja, na Kiswahili kinazitenganisha. Kwa sababu hiyo Kiswahili kinafaa kuwa kipimo, kwa kuwa wafasiri watakaojadiliwa hapa wanaweza kutambuliwa kwa neno ambalo kila mmoja wao angelichagua.

Miaka ya 1930

Alfred Baeumler angechagua mamlaka bila kusita. Mwaka 1930 aliandika maelezo ya mwisho katika toleo la bei nafuu la Der Wille zur Macht lililochapishwa na Kröner, toleo lililowafikia wasomaji wengi kuliko lolote jingine. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake kilichomwonesha Nietzsche kama mwanafalsafa na mwanasiasa. Kwake, vitabu alivyovichapisha Nietzsche vilikuwa barakoa, na mfumo wa kweli ulikuwa madaftarini. Mafundisho ya marejeo ya milele, ambayo hayakukubaliana na picha ya mapambano na utawala, aliyaweka kando kuwa hayana uzito. Mwaka 1933 Baeumler alipewa kiti cha uprofesa Berlin. Hifadhi ya Weimar ilipokea misaada na wageni wa utawala mpya, na Elisabeth alipofariki mwaka 1935 Hitler alihudhuria mazishi yake.

Hata hivyo, haikuwa kauli moja. Ernst Krieck, mwanaitikadi wa Kinazi mwenyewe, aliona kwamba mtu aliyeupinga usoshalisti, utaifa na fikra za rangi ni vigumu kumfanya nabii wa chama chenye mambo yote hayo matatu. Karl Löwith, ambaye asili yake ya Kiyahudi ilimlazimisha kuhama Ujerumani, alichapisha mwaka 1935 utafiti ulioyafanya marejeo ya milele kuwa kiini cha falsafa nzima. Yaani alichukua jiwe lilelile alilolikataa Baeumler na kulifanya msingi. Karl Jaspers (1936) alishauri kwamba msomaji asitulie kwa kauli yoyote ya Nietzsche kabla ya kupata kauli nyingine inayoipinga. Katika mwaka wa uchapishaji wake, ushauri huo haukuwa wa kimbinu tu. Jaspers alivuliwa uprofesa mwaka 1937 kwa sababu mkewe alikuwa Myahudi.

Martin Heidegger ndiye anayehitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika mihadhara aliyoitoa Freiburg kati ya mwaka 1936 na 1940, na kuichapisha kwa juzuu mbili mwaka 1961, alimwona Nietzsche kuwa mwanametafizikia wa mwisho wa Magharibi. Asingeridhika na nguvu, uwezo wala mamlaka, kwa sababu kwake utashi huo ulikuwa jina la hali ya kuwapo kwa vyote vilivyopo. Ufasiri huu una kina ambacho Baeumler hakukikaribia, na Heidegger alimkosoa Baeumler waziwazi kwa kuyatupa marejeo ya milele. Lakini katika suala la chanzo wawili hao wanakutana, kwani Heidegger naye alishikilia kwamba falsafa halisi ya Nietzsche imo katika yale ambayo hayakuchapishwa, na vitabu vyake ni kama baraza tu ya nyumba. Inashangaza zaidi kwa kuwa Heidegger alikuwa mjumbe wa kamati ya wasomi iliyosimamia toleo la kihistoria la Hifadhi, na aliufahamu vizuri udhaifu wa mpangilio wa mwaka 1906. Aliendelea kuutumia.

Utakaso

Baada ya mwaka 1945 Nietzsche alikuwa mshtakiwa. Georg Lukács (1954) aliandika hati ya mashtaka kwa niaba ya Umarksi, akimweka Nietzsche kwenye njia inayoelekea ufashisti. Msomaji makini hukosa raha anapogundua kwamba Nietzsche wa Lukács ni Nietzsche wa Baeumler, ila amehukumiwa badala ya kusifiwa.

Utetezi ulikuwa umeshatoka Marekani. Walter Kaufmann, aliyezaliwa Freiburg mwaka 1921 na kuhama kwa sababu ya Unazi, alichapisha mwaka 1950 kitabu kilichobadilisha kabisa sura ya Nietzsche katika vyuo vikuu vinavyotumia Kiingereza. Alitanguliza vitabu vilivyochapishwa. Alifasiri utashi kuwa uwezo, na uwezo kuwa kujishinda, yaani mtu kuzitawala tamaa zake na kuzipa umbo. Alikusanya ushahidi mwingi wa dharau ya Nietzsche kwa wachochezi dhidi ya Wayahudi na kwa utaifa wa Kijerumani. Lawama za upotoshaji akamtwika dada. Karl Schlechta, katika toleo lake la mwaka 1954 hadi 1956, aliimarisha upande huo wa dada kwa kuthibitisha kwamba Elisabeth alighushi barua, ikiwa ni pamoja na kujifanya mpokeaji wa barua zilizoandikiwa watu wengine, na pia alikivunja Der Wille zur Macht kwa kurejesha vipande vyake katika mfuatano wa wakati.

Kaufmann anastahili shukrani. Lakini hoja yake ina pengo ambalo wafuasi wake wengi walilirithi bila kulikagua. Inachukulia kwamba mpaka kati ya Nietzsche anayekubalika na Nietzsche wa kutisha ni uleule ulio kati ya maandishi halisi na maandishi yaliyochezewa. Sivyo. Kughushi kwa Elisabeth kulihusu hasa barua, na lengo lake kubwa lilikuwa kujionesha kuwa mtu wa karibu sana na kaka yake. Nietzsche hakuhitaji dada yake ili aandike kwamba kila kuinuka kwa binadamu kumetokana na jamii ya kiungwana yenye ngazi za vyeo na inayohitaji utumwa kwa maana moja au nyingine. Hoja hiyo imo katika sehemu ya tisa ya Ng’ambo ya Wema na Ubaya, kitabu cha mwaka 1886 ambacho alikilipia uchapaji mwenyewe. Kaufmann aliifahamu sehemu hiyo, kwani ndiye aliyekitafsiri kitabu. Aliisoma kwa sauti ya chini. Na mwaka 1967, pamoja na R. J. Hollingdale, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya Der Wille zur Macht, kitabu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amefundisha kwamba si kitabu.

Weimar, 1961

Giorgio Colli na mwanafunzi wake wa zamani Mazzino Montinari hawakukusudia kuhariri. Walitaka kumtafsiri Nietzsche kwa Kiitaliano, wakabaini kwamba hakuna matini ya Kijerumani inayoaminika ya kutafsiriwa. Mwaka 1961 Montinari alifika Weimar, ambako madaftari yalikuwa yamehamishiwa katika Hifadhi ya Goethe na Schiller. Weimar ilikuwa Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo haikuruhusu vitabu vya Nietzsche kuchapishwa, na Montinari alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Italia. Hivyo dola iliyomwona Nietzsche kuwa adui ndiyo iliyotunza karatasi zake na kumfungulia mlango mtu aliyezisoma kwa uaminifu kuliko wote waliotangulia. Tafsiri ya Kiitaliano ilianza kutoka mwaka 1964, na toleo hakiki la Kijerumani likaanza kutolewa na de Gruyter mwaka 1967.

Katika toleo hilo Der Wille zur Macht haipo. Yapo madaftari kwa mfuatano wa wakati, pamoja na mipango yote na kufutwa kwake. Montinari aligundua pia, katika karatasi za Gast, nakala ya kifungu cha Ecce Homo ambacho Nietzsche alikituma kwa mchapishaji kuchukua nafasi ya kifungu cha awali, chenye maneno makali kuhusu mama na dada yake. Kifungu hicho kilirejeshwa mahali pake mwaka 1969, zaidi ya miaka 80 baada ya kuandikwa.

Ufaransa ilikuwa katikati ya mabadiliko hayo. Gilles Deleuze na Michel Foucault waliandika utangulizi wa toleo hakiki la Kifaransa mwaka 1967, lakini kitabu kikuu cha Deleuze juu ya Nietzsche kilikuwa kimetoka mwaka 1962, na kilitegemea mkusanyo wa zamani. Ufasiri wake wa utashi kuwa kitu kinachoongezwa kwenye nguvu kutoka ndani unasimama kwa sehemu kubwa juu ya kifungu cha 619, pale ambapo ulimwengu uligeuzwa utashi. Je, falsafa ya Deleuze inaanguka kwa sababu hiyo? Haianguki kama falsafa, kwa kuwa dhana ikishaundwa huishi kwa nguvu zake. Inachopoteza ni haki ya kuitwa usomaji wa Nietzsche katika hatua hiyo mahususi, na tofauti hiyo si ndogo kwa mtafiti wa historia ya fikra. Jacques Derrida aliligeuza tatizo lote kuwa mzaha wa kifalsafa. Alichukua kipande kifupi cha daftari kinachotaja mwavuli uliosahauliwa na kuuliza ni kwa kigezo gani mhariri anaweza kuamua kwamba hicho si falsafa. Swali ni zuri. Wahariri wa Weimar walikuwa nalo pia, ila walilijibu bila kuliuliza.

Wolfgang Müller-Lauter (1971) alionesha njia nyingine. Aliyatumia madaftari kwa wingi, lakini kama madaftari, na akafikia matokeo yaliyo kinyume na Heidegger, kwamba hakuna utashi mmoja ulio nyuma ya vyote, bali tashi nyingi zinazopingana, na umoja wowote ni mpangilio wa muda kati yake. Katika lugha ya Kiingereza, Maudemarie Clark (1990) alichukua msimamo mkali wa kutanguliza vitabu vilivyochapishwa, na kwa msimamo huo mafundisho makuu ya metafizikia ya utashi hupungua sana. Domenico Losurdo (2002) naye alirejesha siasa mezani kwa kusoma vitabu vilevile, bila kuhitaji neno lolote lililochezewa na Elisabeth.

Mjadala huu unaihusu taaluma ya Kiswahili pia. Wahakiki wa riwaya za Euphrase Kezilahabi, hasa Nagona (1990) na Mzingile (1991), hulitaja jina la Nietzsche wanapoeleza anguko la kweli kuu na upweke wa mtafutaji. Nietzsche anayetajwa mara nyingi hufika kupitia tafsiri za Kiingereza za Kaufmann, kwa hiyo ni Nietzsche wa kujishinda zaidi kuliko Nietzsche wa vyeo na utumwa. Mhakiki anayenukuu kutoka kitabu cha mwaka 1906 bila kutaja daftari na mwaka wa kipande hunukuu uamuzi wa Elisabeth na Gast pamoja na neno la Nietzsche. Tangu mwaka 2001 sehemu ya tisa ya toleo hakiki imekuwa ikitoa madaftari ya kuanzia mwaka 1885 kama yalivyo ukurasani, pamoja na mistari iliyokatwa, maneno yaliyoongezwa pembeni na rangi tofauti za wino. Humo hoja kuhusu utashi huweza kukutwa imefutwa nusu, na kando yake pana mambo ya matumizi ya siku hiyo.